Kutoka Togende hadi Hablemos

Vitabu vingi vya kujifunzia Kihispania vinavyomfikia msomaji wa Kenya viliandikwa kwa ajili ya mtu anayefikiri kwa Kiingereza. Vikifika kwenye dhamira tegemezi, yaani umbo la kitenzi linalobeba jambo linalotakiwa, linaloombwa au linalokusudiwa badala ya jambo lililotendeka, vinapunguza mwendo na kuanza kuonya. Msomaji anaambiwa kuwa hapa pana jambo geni, gumu, lisilo na mfano wake, na kwamba itabidi alikariri. Kwa mzaliwa wa London huenda hilo ni kweli. Kwa mtu aliyekulia Kitutu, Bobasi au Mugirango, si kweli hata kidogo. Yeye amekuwa akilitumia jambo hilo tangu alipoanza kusema, kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, nyumbani na kwa Kiswahili sokoni, na mara nyingi kwa irabu ileile.

Naona ni hasara kubwa kumfundisha mtu kitu alicho nacho kana kwamba hana. Hasara hiyo haimwangukii mwanafunzi wa chuo peke yake. Tangu Naftali Temu ailetee Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mbio za mita 10,000 Mexico City mwaka 1968, wanariadha wa Kenya hawajaacha kwenda kukimbia katika nchi zinazosema Kihispania. Kuna pia maelfu ya Wakisii walioweka makazi Minnesota, Marekani, hasa Brooklyn Park na vitongoji jirani, na wengi wao hutunza wazee na wagonjwa. Kihispania ni lugha ya pili kwa ukubwa katika nchi hiyo, na mara nyingi ndiyo lugha ya mwenzako wa zamu. Mtu wa namna hiyo hajifunzi lugha ili afaulu mtihani. Anataka kusema "mwambie angoje" na aeleweke.

Tuanze na Kihispania chenyewe. Vitenzi vyake vyote, katika umbo la kamusi, huishia kwa -ar, -er au -ir: hablar ni kusema, comer ni kula, vivir ni kuishi. Kupata dhamira tegemezi ya wakati uliopo kwa kitenzi cha kawaida, chukua umbo la nafsi ya kwanza, hablo, como, vivo, uitoe ile -o, kisha uweke irabu ya upande wa pili. Vitenzi vya -ar, ambavyo katika usemi wa kawaida hutawaliwa na a, hupokea e: hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen. Vitenzi vya -er na -ir, ambavyo hutawaliwa na e, hupokea a: coma, comas, coma, comamos, comáis, coman, na vivir hivyohivyo, viva, vivas, viva, vivamos, viváis, vivan. Kanuni ni hiyo tu. Anayelenga Mexico au Marekani anaweza hata kuliacha lile umbo la tano, habléis, kwa kuwa nafsi hiyo hutumika Hispania. Amerika ya Kihispania husema hablen kwa watu wote unaozungumza nao.

Sasa tazama Ekegusii. Okogenda ni kwenda. Ngende, niende. Ogende, uende. Agende, aende. Togende, twende. Mogende, mwende. Bagende, waende. Kiambishi cha nafsi hukaa mbele, alama ya wakati haipo, na ile -a ya mwisho imekuwa -e. Kiswahili kinafanya vivyo hivyo: nisome, usome, asome, tusome, msome, wasome. Lugha hizi mbili si pacha. Katika mpangilio wa lugha za Kibantu wa Malcolm Guthrie, Ekegusii ni E42 na Kiswahili ni G42, kanda mbili tofauti kabisa. Zinakutana kwenye irabu hiyo kwa sababu irabu yenyewe ni kongwe. Mwanaisimu A. E. Meeussen, alipojaribu mwaka 1967 kuijenga upya sarufi ya lugha mama ya Kibantu, aliiweka -e hii miongoni mwa mali za asili za kitenzi. Mama anayemhimiza mtoto kule Nyansiongo anatumia chombo cha maelfu ya miaka.

Kwa hiyo habla anasema, hable aseme. Na kwetu, anasema, aseme. A imegeuka e pande zote mbili. Hakuna undugu hapa. Irabu ya Kihispania imerithiwa kutoka Kilatini, na yetu imetoka kwa wahenga wa Kibantu ambao hawakuwahi kusikia Kilatini. Ni sadfa, lakini mwalimu mwenye busara haachi sadfa inayomfaa mwanafunzi wake ipite bure, hasa kwa kuwa vitenzi vya -ar ndivyo vingi kuliko vyote katika Kihispania na ndivyo vinavyoendelea kuzaliwa.

Irabu lakini ni sehemu ndogo ya habari. Kilicho kikubwa zaidi ni mahali ambapo umbo hili hutumika, na hapo ndipo ukaribu unapofika ndani. Simama asubuhi katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, sikiliza Kiswahili cha wauza ndizi na wateja wao. "Mama, niongezee moja." "Mwambie kijana alete mfuko." "Usiibonyeze, itaharibika." "Ngoja nikutafutie chenji." Kila kauli imebeba kitenzi kimoja cha dhamira tegemezi, na hakuna aliyesimama kufikiri. Chukua ile ya mwambie alete. Kihispania kingesema dile que kwa muundo uleule: dile que espere, mwambie angoje, dile que suba, mwambie apande. Kitenzi cha kwanza kinaamuru, cha pili kinabeba nafsi yake na dhamira yake. Kiingereza hakiendi hivyo. Kinamfanya yule mtu kuwa shamirisho na kukiacha kitenzi cha pili bila nafsi, kama vile tungesema "mwambie yeye kungoja". Mkisii anayepitia Kiingereza ili afike Kihispania hujikuta akibeba muundo huo usiokubalika katika lugha yake wala katika lugha anayoiendea.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni wa kutaka. Nataka kusoma: anayetaka na atakayesoma ni mtu mmoja, kwa hiyo kitenzi cha pili kinabaki bila nafsi. Nataka asome: watu ni wawili, kwa hiyo dhamira tegemezi inaingia. Kihispania kina mgawanyo huohuo hasa: quiero leer, nataka kusoma, quiero que lea, nataka asome. Sura nzima za vitabu hutumika kumweleza msomaji wa Kiingereza kwa nini mabadiliko ya mtenda yanaleta mabadiliko ya umbo. Mwanafunzi wa Keroka anaweza kuambiwa kwa sentensi moja, akasogea mbele: palepale unaposema kwa Kiswahili "asome" na si "kusoma", weka que na ugeuze irabu.

Orodha inaendelea kwa mkondo huo. Lengo: ili watoto wale, para que los niños coman. Ulazima: ni lazima ufanye kazi, es necesario que trabajes. Mwaliko: tuzungumze, hablemos. Katazo: no hables, usiseme, lugha zote mbili zikikataa kutumia umbo la kuamuru la kawaida na kukimbilia dhamira tegemezi. Hata adabu iko upande huu. Kihispania kinapomwamuru mtu wa kuheshimiwa kinasema hable usted, na sisi tukimwomba mzee hatumtupii "sema!", tunamwambia "mzee, useme kidogo", "naomba uketi". Lugha mbili zimeona kwamba amri inalainika ikivaa vazi la ombi.

Kisha kuna dua, na huku kwetu dua zinasikika kila siku. Mkisii akiagana na mtu husema Nyasae agosesenie, Mungu akubariki. Ichambue: a- ni yeye, go- ni wewe, -sesenia ni kubariki, na -a ya mwisho imekuwa -e. Nyasae akorende, Mungu akulinde, ina mpangilio uleule, ila kiwakilishi cha wewe sasa ni ko- kwa sababu sauti inayofuata ni ghuna, yaani hutamkwa nyuzi za sauti zikitetema. Mbele ya s isiyo ghuna kilikuwa go-. Kihispania kina que Dios te cuide, Mungu akutunze, kwa kitenzi cha kawaida cuidar: que, Mungu, wewe, kitenzi chenye -e. Maneno matatu ya kutakiana heri, kutoka Nyanchwa, Mombasa na Mexico, yameshonwa kwa uzi wa namna moja. Aliyefiwa naye ataambiwa kwa Kihispania que descanse en paz, apumzike kwa amani, na descanse ni descansar, kitenzi cha kawaida kabisa cha -ar.

Neno hilo la kubariki linafichua jambo ambalo walimu wa Kiswahili wanalijua na wanafunzi hulikosa. Katika "Mungu akubariki" hakuna -e. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu na kubaki na -i, -u au -e mwishoni havigeuki: afikiri, ajibu, asamehe, asubiri. Dhamira inatambulika kwa pengo, pale ambapo -na-, -li- au -ta- ingekaa na haikukaa. Ekegusii hakina udhaifu huo katika sesenia, na ndiyo maana namshauri mwanafunzi wa Kisii aanze na lugha ya nyumbani kabla ya Kiswahili. Pale Kiswahili kinaponyamaza, Ekegusii kinasema waziwazi.

Nguvu ya -e hii inaonekana hata katika Kiswahili cha mitaani ambacho walimu hukikemea. Vijana wa Kisii na Nyamira, kama wenzao wa Nairobi, husema "mwambie akuje", "tukule", "unataka nikuje saa ngapi?" Ile -ku- imebaki mahali ambapo Kiswahili sanifu huiondoa, kwa hiyo sarufi imelegea mbele. Nyuma haikulegea: ni akuje, tukule, nikuje. Ngeli zinapotea, upatanisho unayumba, dhamira tegemezi imesimama palepale. Siwezi kuona ushahidi ulio bora zaidi kwamba jambo hili limekaa ndani kabisa ya msemaji na si kitu cha darasani.

Daraja hili kati ya lugha zetu na Kihispania lina sehemu zilizobomoka, na atakayelivuka bila kuambiwa ataanguka. Shimo la kwanza ni vile vitenzi vya -er na -ir. Kwa hable sikio la Mkisii linamsaidia. Kwa coma linamsaliti. Coma inaishia kwa -a, na kwetu -a ndiyo irabu ya jambo la kawaida, la hakika. Mwanafunzi anayejua vizuri kwamba anahitaji dhamira tegemezi atasema quiero que come, kwa kuwa come ina ile -e aliyoizoea, na atakuwa amekosea kwa kufuata mantiki yake mwenyewe. Hapa lazima aelezwe kwamba katika Kihispania e si alama ya kutaka. Alama ni kupinduka. Penye a panakuja e, penye e panakuja a. Ningeanza na vitenzi vya -ar peke yake, wiki kadhaa, mpaka espere, compre, trabaje na escuche zitoke mdomoni bila kutafutwa, ndipo nifungue mlango wa vivir na comer. Vitabu vingi huweka makundi yote matatu katika jedwali moja siku ya kwanza, na kwa mwanafunzi wetu huo ni mpango mbaya.

Shimo la pili ni nafsi. Sisi tunaiweka mbele ya kitenzi, Kihispania kinaiweka nyuma, mahali palepale ambapo dhamira inakaa. Silabi ya mwisho ya hablen inafanya kazi mbili: e inasema jambo linatakiwa, n inasema wao. Kisha hable inaweza kuwa niseme au aseme, na ni muktadha au kiwakilishi kinachoamua. Kwa Ekegusii ngende na agende haziwezi kuchanganywa hata gizani. Mwanafunzi aliyezoea uwazi huo anapaswa kujifunza kungoja sentensi iishe kabla ya kujua nani anatakiwa kutenda.

Shimo la tatu ndilo la kina, na linahusu maana. Kihispania kimeipeleka dhamira tegemezi mbali kuliko sisi. Sisi tunaitumia kwa utashi: kutaka, kuomba, kuamuru, kuruhusu, kukusudia. Kihispania kinaongeza shaka, hisia na mambo yajayo. No creo que trabaje mañana: mimi ningesema "sidhani kama atafanya kazi kesho", kwa -ta- iliyo wazi. Me alegra que vivas aquí: "nafurahi kwamba unaishi hapa", kwa -na-, maana kuishi kwenyewe hakuna shaka. Cuando llegue tu madre, comemos: "mama akifika, tutakula", kwa -ki-. Ukimwambia Mkisii afuate sikio lake hapa, atakosea mara tatu. Sababu ni kwamba Kihispania hakiulizi kama jambo linatakiwa. Kinauliza kama msemaji analitangaza kuwa habari. Katika "nafurahi kwamba unaishi hapa" habari ninayoitoa ni furaha yangu, kuishi kwako tunakujua sote, kwa hiyo Kihispania kinakuweka katika umbo la chini. Mantiki hiyo ni nzuri na inafundishika, lakini si yetu, na mwalimu aseme hivyo bila kuficha.

Kuna pia upande ambao sisi tumeenda mbali kuliko wao, na sijaona kitabu kinachoutaja, labda kwa kuwa vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili yetu. Ni maswali ya kutaka shauri au kujitolea. Muuza ndizi anauliza "nikufungie?", "nikupunguzie?" Kondakta anauliza "tuondoke?" Mtoto anamuuliza mama yake "ninunue mbili?" Zote ni dhamira tegemezi. Kihispania kinatumia umbo la kawaida: ¿compro dos?, ¿espero? Mkisii ataelekea kusema ¿compre dos? na kusikika kama anampa muuzaji amri ya heshima badala ya kuuliza. Kosa hilo halionyeshi kwamba hajaelewa dhamira tegemezi. Linaonyesha kwamba anaielewa kwa upana wa lugha yake.

Matamshi hayasumbui. Ekegusii kina irabu saba ingawa maandishi yake hutumia herufi tano tu. Kihispania kina irabu tano, na mwenye saba hapungukiwi. Mkazo kwa kawaida unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo katika Kiswahili. Usumbufu upo katika tahajia: buscar inakuwa busque, llegar inakuwa llegue, cruzar inakuwa cruce. Haya si mageuzi ya kitenzi. Ni herufi zinazobadilishwa ili sauti isibadilike, kwa kuwa c na g mbele ya e husomwa vingine. Anayejifunza kwa kusikia hatalitambua hata tatizo lenyewe.

Kuhusu shule, picha haipendezi. Mtihani wa KCSE umekuwa ukitahini Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu, si Kihispania, kwa hiyo kijana wa Nyamira anayekitaka hukutana nacho chuoni, kwenye simu, au akiwa tayari yuko ugenini. Aliyesoma Kifaransa anaweza kudhani amejiandaa, na amejiandaa kwa kiasi, lakini katika kundi kubwa la vitenzi vya Kifaransa il parle na qu'il parle hutamkwa sawasawa. Dhamira iko kwenye kitabu cha sarufi na haiko masikioni. Ekegusii kinampa zaidi kuliko miaka minne ya darasa hilo: tofauti anayoisikia.

Sera ya elimu inataka lugha ya eneo itumike katika madarasa ya kwanza ya shule ya msingi. Baadaye Ekegusii kinawekwa kando, na mtoto anajifunza istilahi za sarufi kwa Kiingereza na Kiswahili tu, hata kama sarufi anayoimiliki vizuri zaidi ni ya nyumbani. Si kwamba Ekegusii hakijachunguzwa. Wilfred Whiteley alichapisha uchambuzi wa mfumo wake wa nyakati mwaka 1960. Jelle Cammenga alitoa kitabu kizima juu ya sauti na maumbo yake mwaka 2002, na mwaka 2011 Carlos Nash alikamilisha tasnifu kuhusu toni zake katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Kazi hizo zimeandikwa kwa Kiingereza na kwa wanaisimu. Mwalimu wa sekondari ya Ogembo au Ekerenyo hana kijitabu cha kurasa thelathini kinachomweleza mwanafunzi, kwa lugha anayoielewa, kwamba togende ina jina la kisarufi, ina kanuni, na kanuni hiyo inamngoja katika lugha nyingine.

Kijitabu hicho kinaweza kuandikwa na walimu wachache wa Ekegusii wakikaa na mwalimu mmoja wa Kihispania. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko katikati ya wasemaji wenyewe. Kurasa za kwanza ziwe za agende na hable zikikabiliana, kisha dile que espere na mwambie angoje, kisha onyo kuhusu coma, kisha sura ndefu kuliko zote kuhusu no creo que na cuando, kwa sababu huko ndiko mwanafunzi wetu atakakohitaji kushikwa mkono. Sura ya kutaka na kuamuru iwe fupi. Jirani yake Mjaluo wa Rongo au Mkipsigis wa Sotik, ambaye lugha yake si ya Kibantu, atahitaji mlango mwingine, na Kiswahili kinaweza kuwa mlango huo.